Kochi la Mama Litoke Mwisho

Tabata, 9 Machi 2024

Mdogo wangu Gibson,

Salamu kutoka nyumbani. Na kwa afande atakayeisoma hii kabla yako: shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi naomba usiikunje karatasi, nimeichomoa kwenye daftari langu la maandalio na mwalimu mkuu akijua nimekwisha. Asifiwe mwanangu hajambo, kaota urefu mpaka sketi ya shule imekuwa aibu, anasema mjomba akirudi atakuta amepitwa. Mama Praygod wa upande wa pili anakusalimu. Bado anakaanga vile vitumbua vyake vigumu na bado tunavinunua kwa kumwonea haya. Mama yupo. Miguu inavimba jioni, asubuhi inapungua kidogo. Vidonge vya presha anameza siku akijisikia kumeza.

Sasa Gibi, kaa chini kama huko mna pa kukaa. Tunahama. Mzee mwenye nyumba alifariki mwaka jana, warithi wameiuza, na aliyenunua anataka kuvunja ajenge fremu za maduka. Tumepewa mpaka mwisho wa Mei. Nimekwenda kwa mjumbe, nimekwenda serikali ya mtaa, wakaniandikia barua yenye muhuri mzuri kabisa. Mnunuzi akaisoma mpaka mwisho, akaikunja, akanirudishia. Nimezunguka Tabata yote mpaka soli ya kiatu imeachia. Nilichopata ni chumba na sebule huko, usicheke, Ukonga. Ndiyo, hapo hapo ulipoanzia kifungo kabla hawajakuhamishia huko shamba. Ukitoka uani kwetu unauona ukuta wa gereza. Sikuwa na jinsi.

Kuhama ningeweza. Tatizo ni mama. Nikifunga boksi asubuhi, nikirudi kutoka shule nakuta limefunguliwa, vikombe vimerudi kabatini vimepangwa, na yeye amekaa pembeni anahema kama aliyetoka kubeba maji. Nimemwuliza mama kwa nini unanifanyia hivi? Akaniambia, "Gibson akitoka atakuja hapa. Akikuta mlango umefungwa ataenda wapi?" Nikamwambia nitamwandikia. Akasema barua inapotea, nyumba haipotei.

Daktari alishasema moyo wake umechoka, asibebe kitu, asishtuliwe. Haya niambie, mtu asiyetakiwa kushtuliwa unamhamishaje kwenye nyumba aliyokaa tangu wewe uko darasa la nne? Jana nimelia chooni nimefungulia bomba ili Asifiwe asisikie. Nimechoka, mdogo wangu. Mie nafundisha watoto kujumlisha, sijui kufunga nyumba, na kila siku naanza upya.

Wewe ndiye mhamishaji wa ukoo huu. Nifundishe. Na mwandikie mama, umwambie wewe. Mie hanisikii.

Dada yako,
Tupokigwe

*

Gerezani, 2 Aprili 2024

Dada Tupo,

Shikamoo. Yako imenifikia Jumatatu ya Pasaka. Afande alinikabidhi huku anacheka, anasema mwambie dada yako marahaba, na afya yake ni njema. Ndivyo alivyo huyo, hawezi kukupa barua bila kukutania kwanza. Mie mzima. Tunapalilia mahindi, mikono imekuwa magome. Mpe Asifiwe hi, mwambie urefu haununui soda.

Hapa juzi kulitokea jambo. Mwenzetu Erasmus, mtu mpole, mwimbaji wa kwaya, aliletewa habari kwamba mwanawe amefariki. Tulipokuwa shambani akaacha jembe, akaanza kukimbia. Hakuwa anatoroka, dada, alikuwa anakwenda tu msibani kwa mtoto wake. Walimpata kwenye mfereji. Alikuwa amebakiza miezi michache kama mie, sasa msamaha wake wa tabia njema umefutwa na kaongezewa kifungo. Toka siku hiyo silali vizuri. Nawaza, je, ingekuwa mie? Ningekimbia. Nakwambia kweli ningekimbia. Mie nikiamka huku naamka kwa sababu Novemba natoka na mama atanifungulia mlango. Basi. Sina sababu nyingine.

Haya, tufanye kazi. Kwanza acha kuanza na jikoni. Wengi wanaanza jikoni kwa sababu ndiko kwenye vitu vingi, halafu jioni wanakosa hata sufuria ya chai, wanafungua, wanafunga, wanagombana. Anza na ambavyo hamjavigusa tangu Krismasi. Boksi kubwa tia vyepesi, mapazia na nguo. Boksi dogo ndilo la vizito. Nimeshaona mtu kajaza vitabu kwenye boksi la friji, likanyanyuliwa, kitako kikabaki chini. Sahani usizilaze, zisimamishe kwa ubavu, na kati ya sahani na sahani tia gazeti au kanga kuukuu. Zikilala, gari likiruka shimo moja tu, ya juu inaivunja ya chini. Sufuria ziingizane, na ile ndogo ya mwisho ijazwe vijiko. Skrubu za kitanda tia kwenye soksi, soksi uifunge kwenye ubao wa kitanda chenyewe, siyo kwenye mkoba wako, maana mkoba wako naujua. Andika ubavuni mwa boksi, siyo juu, juu patapandwa na jingine. Mtafute Talha, yule tuliyekuwaga naye kwenye kazi, ana kirikuu yake sasa, kale kagari kadogo ka mizigo. Mwambie ni nyumba yetu, atajua.

Na kubwa kuliko yote ni hili: kinachoingia mwisho garini ndicho kinachoshuka kwanza. Kwa hiyo chumba cha mama kiguswe mwisho. Asione nyumba inamhama kabla yeye hajahama. Siku ya safari vyake vifungwe akiwa ameshatoka nje, na tukifika kule vyake vishuke kabla ya vyote, akae, anywe chai, ndipo mhangaike na mengine.

Nimeandika "tukifika". Niache hivyo hivyo.

Hii hapa chini msomee mama kwa sauti.

Mama, shikamoo. Ndaga, asante kwa kunitunzia nafasi. Nimesikia unafungua maboksi ya dada. Mama, mwanao nimehamisha nyumba za watu miaka mingi, na nyumba moja tu ndiyo iliyonileta huku, kwa kuwa aliyeniita hakuwa mwenye vile vitu. Nyingine zote watu walifika salama na hakuna ndugu aliyepotea kwa sababu nyumba imehama. Nenda Ukonga, mama. Nitakuja. Hata wakikuhamishia Songea nitakuja. Usibebe kitu.

Dada, usinifiche jambo. Chochote kikitokea niambie.

Mdogo wako,
Gibson

*

Tabata, 21 Aprili 2024

Gibi,

Marahaba, na afande naye marahaba yake nimeipokea. Mvua za huku usiniulize. Uani ni bwawa, maboksi niliyookota kwa Mangi dukani yameloa yamekuwa uji, nimeanza upya na magunia ya salfeti.

Nilimsomea mama. Nilipofika kwenye "nitakuja" akaniambia rudia hapo. Nikarudia. Akasema, "Tena." Afande atanisamehe, ile barua imesomwa nyumbani kwetu kuliko Zaburi. Kesho yake nikarudi kutoka shule nikiwa nimejiandaa kukuta vurugu zangu za kila siku, na maboksi yako vilevile. Hajagusa. Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu.

Amekubali kuhama, lakini kwa sharti. Anataka tuandike ukutani, pale mbele karibu na mlango, kwa herufi kubwa kama zile wanazoandika watu "Nyumba hii haiuzwi", tuandike tumehamia wapi. Nikamwambia mama, Gibson ana barua yangu, anajua ni Ukonga. Akasema andika. Nikamwambia watu wakisoma tumehamia Ukonga watafikiri ukoo mzima umefungwa. Alicheka mpaka akakohoa, nikajuta kumchekesha. Basi tutaandika. Asifiwe ameshaazima maka peni nene shuleni.

Huyo Asifiwe naye! Nilimwambia andika ubavuni kilichomo. Nimekuta maboksi saba yameandikwa "VITU". Nimemwuliza vitu gani? Anasema, "Si vya ndani, mama." Nimeyafungua yote.

Sasa lisilochekesha. Umesema usifichwe, sikufichi. Mama hawezi tena kulala kitandani. Akilala chali pumzi inakata. Analala amekaa kwenye kochi la watu watatu pale sebuleni, mito mitatu mgongoni, na mie nalala kwenye mkeka miguuni pake nikisikiliza. Akinyamaza nashtuka, akikoroma nashukuru. Hospitali wamebadilisha dawa, wamesema tumwangalie. Tunamwangalia. Kumwangalia ndiyo kazi tunayoiweza, nyingine zote zimetushinda. Nafundisha nikiwa nimesinzia, nafunga mizigo nikiwa nimesinzia, na tarehe inakuja mbio. Namwomba Mungu kitu kimoja tu, kila siku hicho hicho, nimfikishe mama Ukonga ili wewe Novemba umkute. Vyombo vyote vivunjike, sijali.

Dada yako

*

Gerezani, 10 Mei 2024

Dada Tupo, shikamoo.

Naandika haraka, kuna afande anakwenda mjini leo. Kama mama analala kwenye kochi, basi yale ya chumba yasahau. Kochi ndilo chumba chake. Kochi la mama litoke mwisho, sikia vizuri, LITOKE MWISHO, na lishuke la kwanza. Talha aliweke mdomoni kabisa mwa gari. Lifunike kwa nailoni lisiloe, sponji likiloa halikauki wiki nzima na mama atapata kifua. Mwenyewe akae mbele na dereva, mto mgongoni, mwende polepole.

Mwambie akaze. Mwambie nimeshaanza kuhesabu.

Gibson

*

Ukonga, 30 Juni 2024

Mdogo wangu Gibson,

Nisamehe kwa kunyamaza. Kuhama ni kazi, wewe unajua. Asifiwe hajambo, amepata shule ya huku, sketi mpya inamfikia magotini. Mama Praygod alitusindikiza mpaka kwenye gari na ndoo ya vitumbua. Afande asome salamu zangu.

Tumehama. Talha alikuja asubuhi na kijana mmoja, hawakukubali hata chai. Sahani hazikuvunjika, hata moja, nilizisimamisha kama ulivyosema. Soksi ya skrubu ilikuwa pale pale ubaoni. Friji liliegemezwa nyuma ya dereva, kabati likafuata, magodoro ubavuni. Ungeona ungejivunia.

Kochi ndilo limenishinda, usinikasirikie. Najua ulisema litoke mwisho. Lilitangulia. Ilibidi tuitoe sebule yote mapema kuliko nilivyopanga, makochi na meza na kabati la vyombo, vikakaa nje siku nne chini ya turubai. Majirani ndio waliotoa, mie hata sikuwa na nguvu, nilikuta wameshatoa. Mvua ikapiga upande, upande mmoja wa kochi ukaloa na mguu wa nyuma umelegea. Talha akalipakia mwanzoni kabisa, ubavuni mwa friji, akasema hivyo ni bora. Nisamehe kwa hilo kochi.

Chumba ni kizuri, kina dirisha. Joto si sana. Usiku tunasikia kengele za huko gerezani, nakukumbuka.

Mama anakusalimu. Anasema ukaze.

Dada yako,
Tupo

*

Gerezani, 19 Julai 2024

Dada Tupo, shikamoo.

Nimeipata. Nashukuru mmefika. Umefanya kazi nzuri, na Talha mwambie nimemshukuru sana, kwa yote.

Kochi lisikuumize kichwa. Lianike jua la asubuhi, siyo la mchana, kitambaa kitapauka. Mguu uliolegea usipigilie msumari, niachie mie. Maboksi msikimbilie kuyafungua, hakuna anayewafukuza.

Huku tumeanza kuvuna. Mie nipo, nakula, nalala. Nataka ujue hilo, nakula na nalala.

Msalimie mama.

Gibson

*

Ukonga, 1 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Asifiwe amekuwa wa nne darasani. Mie nimeomba uhamisho wa shule, bado. Kila siku naamka giza kwenda Tabata kufundisha na kurudi giza, wenzangu wananiuliza mwalimu unaumwa? Nawaambia nimehama mbali.

Mama hajambo. Jana alikula ndizi. Alisema chumvi imezidi, unamjua. Anapenda kukaa dirishani, anaangalia watu wanaopita. Anasema

Nimeacha hapo jana, ninaendelea leo. Gibi, maboksi bado yamefungwa. Yote. Tunalala katikati ya maboksi kama watu waliofika leo. Ulisema tusikimbilie, lakini siyo kwamba sikimbilii, ni kwamba nalisogelea boksi, nashika selotepu, halafu nakaa chini. Tunakulia sahani mbili za plastiki alizotuazima mwenye nyumba. Asifiwe juzi kaniuliza tutafungua lini, nikampigia kelele ambazo hakustahili, akaenda kulia uani nami nikabaki kulia ndani. Nashindwa kupumua humu. Ningejua ningekuomba unifundishe na kufungua, siyo kufunga tu. Naomba Novemba ifike. Nakuomba usifanye jambo lolote la kijinga huko, usigombane na mtu, usijibizane na mtu, usikimbie, unanisikia? Usikimbie hata kwenda kunywa maji. Nina wewe tu.

Mama anakusalimu.

Tupo

*

Gerezani, 6 Oktoba 2024

Dada yangu Tupo,

Shikamoo. Mie mzima, na leo kabla ya kitu chochote nataka ukae, kama humo ndani pana pa kukaa.

Inatosha, dada. Usimsemee mama tena.

Nilijua toka ile ya Juni. Umeandika sebule ilitolewa nje siku nne kabla, tena masika, na majirani ndio waliotoa. Dada, mie nimefunga nyumba za watu Dar nzima, kuanzia Temeke mpaka Kinondoni, na sijawahi kuona anayehama akaanza na sebule. Sebule ndiyo inayobaki, watu wakae, wale. Kwetu sebule inatolewa nje mapema, na majirani bila hata kuombwa, kwa jambo moja tu, ili mikeka itandikwe na kina mama wapate pa kukaa na kulia. Na lile kochi ndilo alilokuwa analala. Lilipotoka nje, nikajiuliza, mama alikwenda wapi?

Na siyo mie tu. Siku ile afande aliponipa barua hakunitania. Alisema, "Chukua, kijana," akanitazama, akaondoka. Alikuwa ameshaisoma. Yeye mwenyewe mtu wa kwetu Mbeya, anajua turubai la siku nne maana yake nini.

Nikaenda nayo shambani, upande wa mboga. Sitakudanganya, niliuangalia mfereji. Niliuangalia muda mrefu. Erasmus alikuwa mstari wa pili, akaniona, akaacha jembe lake akaja akasimama upande wangu akawa analima mstari wangu na mie nikiwa nimesimama tu. Alilima mpaka mwisho wa shamba. Nikaokota jembe langu. Usiku nikalia kama mtoto, wenzangu wakaniacha nilie.

Sasa utauliza mbona sikukwambia. Mwanzo nilikasirika, nilikasirika mno, nikasema nilimwambia asinifiche na kanificha kifo cha mama yangu, nikose hata kuweka udongo, nikose hata kuimba. Halafu nikaikumbuka ile ya kwanza yangu niliyokuandikia, pale niliposema ningekimbia. Mie ndiye niliyekufunga mdomo. Ukamzika mama, ukahamisha nyumba, ukaja kuniandikia kwamba sahani hazikuvunjika. Nikasema basi, dada akitaka mama awe dirishani anakula ndizi, acha akae dirishani. Na mie nilikuwa nakuomba umsalimie kwa sababu nilitaka kuona umeandika tena kwamba ananisalimia. Ndiyo hivyo. Tumedanganyana, wote tulikuwa na njaa ya kitu kile kile.

Lakini yale ya maboksi yamenitisha. Sikiliza kazi ya kufungua, hukuuliza lakini nakufundisha. Leo, ukimaliza kusoma hii, fungua boksi moja tu, la jikoni. Toa sufuria moja. Mpikie Asifiwe chai ndani ya hiyo sufuria na umwombe radhi. Kesho fungua jingine moja. Ukikutana na kitu cha mama, usikitazame sana, kirudishe, boksi hilo funga, liweke ukutani. Yale ya mama niachie mie, tutayafungua wawili.

Afande anasema mwisho wa Novemba, kama hakuna jambo. Hakutakuwa na jambo.

Niambie ilikuwaje. Sasa naweza kusikia.

Mdogo wako,
Gibson

*

Ukonga, 27 Oktoba 2024

Gibi, mdogo wangu,

Nimefungua boksi la jikoni. Lilikuwa mojawapo ya yale yaliyoandikwa "VITU". Asifiwe kanisamehe kabla sijamaliza kuomba. Tumekunywa chai ndani ya vikombe vyetu.

Nilisoma barua yako nimesimama mlangoni, sikuweza kukaa kama ulivyosema. Nimelia kwa sauti, mpaka mwenye nyumba akaja kugonga. Nilivyoibeba siri hii peke yangu, Gibi. Kanisani nilikuwa naogopa wakimtaja kwenye maombi nisije nikaonekana nalia halafu sijui vipi ikakufikia huko. Nilikuwa nimechanganyikiwa. Nisamehe, na usinisamehe haraka, unisamehe ukishakuja.

Umeuliza ilikuwaje. Katikati ya Mei. Mchana ule mvua ilikatika, jua likatoka. Mama akamwambia Asifiwe amletee ile maka peni. Tukasema tutamwandikia sisi, akae tu atuelekeze. Akakataa. Nikamwambia mama, miguu hiyo. Akaniangalia lile jicho lake. Basi tukamshika huku na huku mpaka nje, akasimama mbele ya ukuta, akaandika mwenyewe. Alichukua muda mrefu, maana unajua aliacha shule mapema na kila herufi aliipumzikia. Watu wa mtaani wakasimama kumtazama. Akimaliza mstari anarudi nyuma kidogo anaangalia, kama mwalimu anayesahihisha, mie nikacheka. Alipomaliza akasema amechoka, akaomba uji, akaunywa wote.

Alfajiri nikaamka pale mkekani nikasikia kimya. Alikuwa amekaa kwenye kochi, mito yake mgongoni, na miguuni pake palikuwa na boksi ambalo sikuwa nimelifunga mie. Zile sahani zake za maua. Alikuwa ameamka akatoa sahani kabatini, sijui saa ngapi na sijui kwa nguvu zipi, mie nimelala pale pale chini sikusikia. Kazisimamisha kwa ubavu. Kati ya sahani na sahani katia kanga zake. Alinisikia nikisoma na alikumbuka yote. Mwanzo alikuwa akinifungulia, Gibi, usiku ule alikuwa ananisaidia kufunga. Sahani moja ilikuwa bado mkononi, imelala mapajani.

Tumemzika Kinondoni. Talha na Mama Praygod walisimamia kila kitu. Barua yako ya kochi ilinifikia kesho yake ya maziko, na kochi liko nje kwenye mvua. Nililikalia hivyo hivyo likiwa limeloa nikaisoma.

Boksi la sahani lipo ukutani. Sitaligusa. Niliandika ubavuni, "LA MAMA, ALILIFUNGA MWENYEWE". Litafunguliwa na wewe.

Jumamosi nilipita Tabata kuuangalia ule ukuta. Mnunuzi bado hajavunja, anasema mwakani. Nilitaka kuona kama mvua imefuta. Haijafuta. Siku zile nilikuambia sharti lake lilikuwa kuandika tumehamia wapi. Aliandika hilo, halafu akaongeza ya kwake, sikukuambia kwa sababu nilishindwa kuyaandika kwa mkono wangu. Ngoja nijaribu.

GIBSON TUMEHAMIA UKONGA. USIKAE HAPO NJE KWENYE MVUA. NJOO. MAMA.

Kwa hiyo siku watakapokufungulia usije huku moja kwa moja. Pita Tabata kwanza usome, alikuandikia wewe. Usome mpaka umalize, hata ukikaa hapo siku nzima hakuna atakayekuuliza, majirani wote wanajua ni ya nani. Halafu uje. Ukishuka Ukonga kata kona ya kinyozi, nyumba ya tatu, mlango wa bluu. Nitauacha wazi.

Dada yako,
Tupokigwe